Kaniki Juu ya Bahari Iliyoganda

Ndugu zangu wa Korogwe, mmenichosha. Sokoni mnaniuliza, mtoni mnaniuliza, na juzi msibani mtu alinivuta kanzu kabla hatujazika, akataka kujua kama ni kweli nilitembea kwa miguu juu ya bahari. Ni kweli. Nimeamua kuyaandika yote mara moja, ili ajuaye kusoma amsomee asiyejua, na anayebisha abishane na karatasi.

Jina langu mnalijua, Mhina, mpishi, mzaliwa wa Handeni. Nitakayoyasema niliyaona mwenyewe, ila pale nitakapotaja kwamba niliambiwa.

Handeni, kopo likingoja mvua

Wengi mnamkumbuka Bwana Kopo, yule Mdachi mrefu aliyekaa karibu na boma la Handeni. Jina lake la kwao lilikuwa na kikohozi katikati, nasi hatukulihitaji. Alikuwa amesimika kopo la bati juu ya kigingi mahali pa wazi, na kila asubuhi alilichungulia kuona mvua imejaa kiasi gani. Mimi nilikuwa mpishi wake. Mwaka ule alichungulia asubuhi baada ya asubuhi asione kitu, isipokuwa mara moja alipomkuta mjusi.

Mvua ilikuwa imekataa. Nanyi mnajua kwamba kwetu Uzigua mvua haikatai yenyewe, huwa kuna mtu ameifunga. Kwanza walishtakiwa watu wa kijiji cha jirani, nao wakatushtaki sisi. Kisha akashtakiwa mke mpya wa mzee mmoja, kwa kosa la kutoka mbali. Mwishowe mtu akasema tumemchunguza kila mmoja isipokuwa lile kopo, ambalo linakaa mdomo wazi usiku na mchana likielekea mawinguni. Neno hilo liliwaingia watu sana, na kuanzia siku ile wanawake walipita mbali na nyumba yetu.

Mjomba wangu hakungoja kesi iishe. Alikusanya ukoo, akasema tunahamia Magoma, kwenye bonde lenye mto. Wote wakakubali ila mama. Baba amezikwa Handeni, nyuma ya nyumba, na mama hakutaka kusikia habari ya mto wa watu.

"Mvua imefungwa," alimwambia mjomba. "Aliyeifunga ni mtu, na mtu huchoka. Nitangoja achoke."

"Na kisima kikikauka kabla yake?"

"Basi atakuwa amenishinda."

Wakati huohuo Bwana Kopo alinieleza kwamba anakwenda kaskazini, mwisho kabisa wa dunia, kwa meli inayoingia kwenye bahari iliyoganda. Alisema barafu ya kule ikizidi au ikipungua, upepo wa dunia nzima husikia, na mvua hufuata upepo. Alinitaka mimi kwa sababu maharage yangu hayakumsumbua tumbo. Nilidhani mama atanikataza. Akaniuliza kama huko ndiko baridi inakotoka. Nikasema ndivyo nilivyoambiwa.

"Basi nenda ukamwulize bwana wako nani ameifunga mvua ya Handeni. Ukirudi na jibu, nitafanya kama jibu linavyosema. Likisema nihame, nitahama. Kabla ya hapo mjomba wako asinisumbue."

Akaleta kaniki yake, ile shuka nyeusi tunayotandika kaburini tukiomba mvua, akaichana katikati. Nusu akanipa mimi niitandike huko baridi inakotoka, niwaite baba na babu zangu. Nusu akabaki nayo. Jirani mmoja ambaye naye alikuwa hajahama aliniahidi kumwangalia. Kisima cha mama wakati ule kilikuwa shimo kwenye korongo, na ilimbidi aingie ndani yake kuchota kwa kata. Niliondoka nikijua kwamba kila nitakapocheleweshwa, ni yeye atakayekaa mle shimoni akingoja maji yajikusanye.

Handeni mpaka Korogwe, kwa miguu

Mizigo ya Bwana Kopo ilibebwa na wapagazi, na mkubwa wao alikuwa Maganga, Mnyamwezi aliyeletwa na misafara na kusahau kurudi kwao. Wanyamwezi na Wazigua ni watani. Kwa msomaji wa mbali nieleze kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana wewe na waliokuzaa, kukunyang'anya chakula na kuvuruga mazishi yako, nawe huna ruhusa ya kununa. Bwana Kopo aliamua kwamba Maganga naye asafiri nasi mpaka mwisho, alinde masanduku ya vipimo. Sikuulizwa.

"Mzigua," alianza kabla hatujapoteza boma machoni, "nasikia mmeifunga mvua yenu wenyewe, kwa uchoyo, mkasahau mlikoweka ufunguo."

Nilimwambia ufunguo tuliuweka mahali ambapo Mnyamwezi hawezi kuufikia, karibu na sabuni. Tulikwenda hivyo mpaka Korogwe. Begani alikuwa na gunia la unga wa mtama ambalo hakuruhusu mtu mwingine alibebe. Alisema amewahi kula chakula cha Wadachi.

Korogwe mpaka Tanga, kwa gari la moshi

Gari la moshi lilikuwa limefika Korogwe, nasi tuliingia ndani yake kwa heshima kubwa, tukakaa. Halikuondoka. Tulikaa mpaka watu wakaanza kupika chini ya mabehewa. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba gari nalo linangoja maji. Pampu imeharibika, na lenyewe halitembei bila kunywa.

Nilikuwa nimetoka Handeni kwa ajili ya maji, na kitu cha kwanza kilichonichelewesha kilikuwa maji. Sikuona cha kuchekesha. Msimamizi akatuamuru sisi abiria tuchote ndoo mtoni na kulinywesha. Maganga alikataa, akasema yeye amelipiwa abebwe, hajalipiwa kumbebea aliyembeba. Alikaa dirishani akituhesabia ndoo kwa sauti, akirudiarudia tarakimu ili tuonekane wavivu. Mwishowe gari likapiga kelele na kwenda.

Tanga mpaka Ulaya

Habari za meli mmezisikia kwa wengine, sitazirudia. Nilitapika, Maganga akatapika, tukawa sawa.

Katika mji wa Hamburg tulikaa zaidi ya tulivyotakiwa, kwa kuwa Bwana Kopo alikuwa na ndugu wengi na kila mmoja alitaka kumlisha. Chakula chao ni kiazi. Asubuhi kiazi kimekaangwa, mchana kimechemshwa, jioni kimepondwa ili usikitambue. Barabarani mama mmoja mwenye heshima zake alinigusa shavu, akatazama kidole chake kama rangi imetoka. Mimi nami nikamgusa shavu, nikatazama kidole changu. Haikutoka. Tukaagana vizuri.

Bandari ya Wanorwe

Tuliendelea kaskazini mpaka nchi ya Wanorwe, kwenye bandari inayonuka samaki tangu baharini. Samaki huanikwa kwenye vichanja virefu mpaka wakauke kama kuni, na kama kuni ndivyo wanavyotafunika. Hapo tulipanda meli yetu ya mwisho, ya mbao nene, inayokwenda kuwinda sili, wanyama wa baharini wenye manyoya, na hapo tukamkuta Mzee Ola.

Ola alikuwa Mnorwe mwenye ndevu nyeupe na sikio moja. Kazi yake ilikuwa kuijua barafu. Nahodha aliendesha meli, lakini Ola ndiye aliyekaa juu ya mlingoti na kusema hapa pita, hapa usipite. Hatukuwa na lugha moja. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa sababu ya umri wake, naye baada ya siku chache akajifunza kujibu marahaba, ila aliitumia pia kwa maana ya kahawa.

Hapo tulikwama tena. Meli ilikuwa tayari, sisi tulikuwa tayari, ila Ola alitazama anga upande wa kaskazini, akatikisa kichwa. Bwana Kopo alitutafsiria. Barafu hukaa mahali tofauti kila mwaka. Wakati wa baridi hushuka kusini, wakati wa joto hurudi juu, lakini mwaka mwingine hushuka sana na kukawia kuondoka, na mwaka mwingine haionekani kabisa pale ilipozoeleka.

"Kama Wamasai na ng'ombe wao," nikasema.

Bwana Kopo alimtafsiria Ola, ambaye hakuwajua Wamasai. Akaelezwa. Akajibu kwamba ndiyo, ila barafu haina mzee wa kuzungumza naye. Nilimuuliza mwaka huu imeshuka kwa nini. Akainua mabega. Moyo wangu ulishuka kidogo, maana nilikuwa nimekuja mbali sana kuona mabega. Lakini nilijipa moyo kwamba Ola ni mwindaji, na mwenye jibu ni Bwana Kopo.

Kuingia kwenye barafu

Siku moja Ola akasema twendeni. Jua la kule wakati wa joto halizami, linazunguka tu pembeni kama mbuzi aliyefungwa kambani. Sala ya magharibi ilinipa tabu, mpaka nikaamua kufuata saa ya Bwana Kopo na kumwachia Mungu mengine. Maganga aliniuliza kwa utulivu kama Mungu wetu anafahamu kwamba huku hakuna magharibi. Nilimwambia anafahamu, ndiyo maana hakuwaweka Wazigua huku.

Barafu haikuja yote kwa pamoja. Kwanza bahari ilipata utando, kama uji ulioachwa upoe. Mbele zaidi utando ukawa vipande vya mviringo vyenye kingo zilizoinuka kwa kugongana. Kisha ikawa bara kabisa, nyeupe mpaka macho yanauma, meli ikaegemea ukingoni na watu wakashuka wakatembea. Nami nikashuka. Ndugu aliyenivuta kanzu msibani, jibu lako ndilo hilo. Chini ya nyayo zangu palikuwa na barafu isiyozidi kimo cha mtu, na chini ya barafu bahari yenyewe, yenye kina ambacho hata kamba ya nahodha haikukimaliza.

Siku hiyo nilitaka kupika ugali kwa unga wa Maganga. Nikachukua shoka, nikakata barafu iliyo karibu, ya kijivu, nikaiyeyusha sufuriani na kusonga. Maganga alitia tonge mdomoni, akalitoa, akalitazama. Lilikuwa chumvi tupu. Tulimpa mbwa wa meli, akaunusa ugali na kwenda zake.

Ola alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika mkono, akanipeleka mbali kidogo kwenye vilima vya barafu ya samawati, akavunja kipande, akanitia mdomoni. Kilikuwa kitamu kama maji ya mvua. Bwana Kopo alieleza kwamba bahari ikiganda huitema chumvi yake, lakini polepole. Barafu ya mwaka huu bado inayo. Ile iliyodumu miaka kadhaa imekwisha kuitema. Na chumvi iliyotemwa haipotei. Huyafanya maji ya chini kuwa mazito, yakashuka mpaka sakafu ya bahari, yakaanza kutembea huko gizani, miaka na miaka, mpaka bahari za mbali kabisa, pengine mpaka zetu.

Maganga aliuliza kama yakifika Tanga yanalipa kodi. Bwana Kopo hakumtafsiria Ola hilo.

Juu ya barafu ya zamani palikuwa na madimbwi ya maji yaliyoyeyushwa na jua. Nilisimama kando ya moja lililokuwa pana kama uwanja wa boma. Maji matamu, meupe, na hapakuwa na mtu, ng'ombe wala ndege wa kuyanywa. Nilimfikiria mama shimoni na kata yake, nikakasirika sana. Sikujua namkasirikia nani, basi nikamkasirikia Maganga, kwa kuwa alikuwa karibu na ni mtani.

Kufungiwa

Kisha upepo ukageuka. Barafu ya nyuma yetu ikasukumwa, ikajibana na ile ya mbele, na njia tuliyoingilia ikafutika. Meli ilikuwa inalia mbao zake. Nahodha alimtazama Ola, Ola akatazama upepo, akaenda kulala. Tulikuwa tumefungwa.

Wengine walicheza karata. Mimi sikuweza kukaa. Msimu ulikuwa unakwisha, na kule Handeni mama alikuwa akinisubiri huku mjomba akimtumia watu wa kumbembeleza. Nilimwendea Bwana Kopo kumuuliza lini tutatoka, akaniambia nipike. Nilipika, maharage yakaungua, mara ya kwanza tangu aniajiri. Hapo nikajua wakati wa kaniki umefika.

Nilitaka kwenda peke yangu, lakini mtani haachwi nyuma tambiko linapofanyika. Kazi yake ni kuivunjia shughuli heshima ili wafu wacheke na kulegea. Tulikwenda mpaka meli ikawa ndogo nyuma yetu. Nikaitandika ile nusu ya kaniki juu ya barafu, nikaweka mabonge ya barafu pembeni upepo usiichukue. Nikakoroga unga na maji, nikanyunyiza, nikamwita baba, nikamwita babu, nikawaambia nimefika huku baridi inakotoka kwa ajili ya mvua ya Handeni na kwa ajili ya yule waliyemwacha peke yake. Maganga aliingia hapohapo, kama ilivyo kazi yake.

"Enyi Wazigua wa zamani," alisema. "Mlikuwa wazembe mkiwa hai na sasa mmezidi. Mtoto wenu amekuja mpaka hapa kwa kuwa hamsikii mkiitwa nyumbani. Toeni mvua, tunasikia baridi."

Akala ule unga wa kukoroga uliobaki. Tukarudi melini.

Tulipokwenda kuitazama siku iliyofuata, kaniki haikuwepo juu. Ilikuwa imezama ndani ya barafu. Pale ilipotandikwa palichimbika shimo la umbo lake hasa, pembe kwa pembe, na shimo limejaa maji masafi, kaniki imelala chini kama imetandikwa kisimani. Pande zote barafu ilikuwa kavu na nyeupe kama mwanzo. Nilipiga magoti. Maganga naye akapiga magoti, mara ya kwanza tangu Handeni bila tusi.

Bwana Kopo alitukuta hapo. Nilidhani atatugombeza, lakini naye alipiga magoti, akachovya fimbo yake ya kupimia, uso umemng'aa. Alisema hiki ndicho kitu alichokuwa akijaribu kunieleza tangu Handeni. Kitu cheupe hulifukuza jua, cheusi hulinywa. Barafu inalirudisha jua lilikotoka, ndiyo maana chini yake hubaki baridi na barafu huendelea kuwepo. Lakini ikirudi nyuma kidogo, maji meusi ya bahari hubaki wazi, yakanywa jua, yakapata joto, yakaila barafu nyingine, na bahari iliyo wazi ikazidi. Mwaka barafu inapozidi, mambo huenda kinyume. Kidogo huzaa kingi, upande huu au upande ule. Na hewa iliyo juu ya bahari wazi si sawa na hewa iliyo juu ya barafu, na pepo huanzia hapo.

"Kwa hiyo bahari nayo ni kaniki," alisema Maganga.

Bwana Kopo alichovya fimbo tena. "Ndiyo," akasema. "Ni kaniki."

Basi tukawa watatu, tumepiga magoti kuzunguka kisima kidogo, kila mmoja ameridhika kwa sababu yake. Nikaona huu ndio wakati.

"Bwana," nikasema, "mama yangu anauliza nani ameifunga mvua ya Handeni."

"Hakuna mtu aliyeifunga."

"Itarudi lini?"

Alifuta fimbo yake. Alisema yeye anaamini ipo kamba kutoka barafu hii mpaka mvua za mbali, lakini hajaiona, na hakuna aliyeiona. Pengine inapita bahari nyingine zilizo karibu zaidi na kwetu, ambazo hakuna anayezipima. Kopo la Handeni na fimbo hii ni kwa ajili ya watu watakaokuja baadaye, wakiwa na makopo mengi na fimbo nyingi.

"Lakini itarudi lini, bwana?"

"Sijui," akasema.

Nimewatumikia Wadachi tangu sijaota ndevu, nimesikia wakisema hapana, haraka, na wewe mjinga. Hili nilikuwa sijalisikia. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Baadaye baridi ikazidi, yale maji yakaganda, kaniki ikabaki ndani yake ikionekana wazi. Bwana Kopo alitaka kuikata na kuichukua. Nilimwambia kilichotolewa hakirudishwi, na hilo alilielewa bila maelezo. Kisha upepo ukageuka tena, barafu ikapasuka, mfereji wa maji meusi ukafunguka mpaka karibu na meli. Ola alisema ni upepo. Maganga alisema ni matusi yake. Mimi nilikuwa na jibu la kumpelekea mama, na jibu lenyewe lilikuwa si jibu.

Kurudi

Bwana Kopo alibaki Hamburg kwa ndugu zake, na njia nzima ya kurudi mimi nilijaribu maneno. Ningeweza kusema mvua itarudi. Angebaki karibu na baba, angefurahi, na huenda angekufa kwa kiu. Ningeweza kusema Wadachi wameagiza ahame. Angehama, na asingemsamehe mtu. Maganga, niliyemweleza, alisema mimi ni mpishi na sasa nataka kumpikia mama yangu maneno. Hilo lilinikaa.

Aliniachia gunia la unga likiwa limebaki kiasi cha sufuria moja. Alisema ni la mama, si langu. Tulipofika Korogwe alikuwa amepungua mwili lakini si mdomo, akasema atatungoja mtoni, mimi na mama.

Handeni tena

Vijiji vya njiani vilikuwa na mapaa yaliyoanguka. Kwetu moshi ulitoka nyumba mbili tu, kwa jirani na kwa mama. Nilikimbia, ninaona aibu kuandika hivyo, ila nilikimbia. Alikuwa ameketi mlangoni, amekonda, anapepeta mtama kidogo sana kwenye ungo mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nikasema nimekula. Akaendelea kupepeta, akamaliza, akaweka ungo chini.

"Uliitandika?"

"Niliitandika. Ilizama kwenye barafu, maji yakajaa juu yake."

"Mengi?"

"Kuliko ya kisima chako."

"Huko."

"Huko, mama."

Akakubali kwa kichwa. "Na yule bwana, ulimuuliza nani ameifunga?"

"Alisema hakuna mtu aliyeifunga. Nikamuuliza itarudi lini, akasema hajui."

"Mdachi alisema hajui?"

"Alisema."

"Kwa mdomo wake?"

"Nilimwomba arudie, akarudia."

Alitazama nyuma ya nyumba, upande wa kaburi. Nilikuwa tayari kwa hasira au machozi.

"Basi hakuna anayeizuia," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja anayeizuia achoke. Kumbe ningemngoja nani?"

Akainuka, akaingia ndani, akaanza kufunga vitu.

Asubuhi alichukua ile nusu ya pili ya kaniki, akaitandika juu ya kaburi la baba, akaweka mawe pembeni. Hakuomba mvua. Alimwambia baba kwamba tunakwenda Magoma, kwamba mjomba atajisifu na kwamba itabidi yeye na baba wavumilie. Mimi nilisimama nyuma yake, nikaitazama kaniki juani. Kwa mazoea tu, nilikuwa nangoja izame. Haikuzama. Vumbi jembamba lilianza kukaa juu yake.

Kisha akaniambia niyang'oe mafiga yake, mawe matatu ya jikoni, niyabebe. Nilimwambia Magoma kuna mawe. Akasema hawezi kuanza kupikia mawe ya watu wakati ana yake. Mimi niliyetoka kwenye mwisho wa dunia nikayatia kwenye kikapu, nikayabeba kichwani mpaka Korogwe. Jirani alifunga mlango wake, akatufuata.

Mtoni Maganga alikuwa akitungoja. Alimwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama nimemaliza kazi ya Wadachi na sasa ni mchukuzi wa majabali. Mama aliingia majini mpaka magotini, akasimama akiyatazama yanavyopita.

"Haya nayo huwa yanakuwa jiwe, kama ya huko?"

"Hayawi, mama."

"Na yatakaa? Yule bwana anajua?"

"Hajui."

"Basi tuvuke," akasema.

Ng'ambo ya pili aliniamuru nitue mawe. Akayaosha mtoni moja moja, akayapanga mwenyewe chini ya mti mdogo, akaomba moto kwa watu waliokuwa wakifua karibu. Nikachota maji, nikausonga ugali kwa unga ule wa Maganga uliobaki, unga uliofika kwenye barafu na kurudi. Maganga alinyoosha mkono wa kwanza, kama ilivyo haki yake. Alionja, akanitazama mimi, akamwambia mama kwamba mara hii hauna chumvi. Mama alikula, akalia kidogo, akaomba kuongezewa.